Nilivyokosa kwenda kucheza mpira Australia kwa sababu nilikuwa "professional" kupita kiasi

Wakuu, salaam kutoka Muscat. Huku jua halina adabu, lakini tunasonga.

Nimepita humu nikakuta jamaa anauliza kama soka la Australia lina future, na kama Mbongo anaweza kwenda kutoboa kule. Mmemjibu kwa mbwembwe, wakati wengi wenu Australia mnayoijua ni kangaroo.

Mimi sijafika. Ila nilibakiza jibu moja tu nifike. Ngoja nisimulie, na nitasema kweli yote, maana uongo niliokuwa nao niliumaliza kwenye kisa hiki hiki.

Mimi ni mdada, niiteni Zaituni. Nyumbani nilicheza ligi ya wanawake misimu minne, namba tisa. Sijisifu, waulizeni mabeki.

Sasa shikeni jambo moja kuhusu ile ligi yetu. Asubuhi nilikuwa nauza maandazi stendi, jioni mazoezi. Siku kocha aliponikuta na beseni langu, mechi iliyofuata nikakaa benchi. Alisema mbele ya wenzangu, "Huyu hayuko serious. Professional hafanyi kazi nyingine." Maneno yale yaliniingia mpaka kwenye mifupa. Ndiyo yaliyokuja kunimaliza miaka mitano baadaye, bara jingine kabisa.

Maisha yakabana, nikaja Oman.

Namhudumia bibi mmoja hapa Al Hail, tumwite Bi Shemsa. Ni wa zile familia za Kiomani zilizotoka Unguja, mwanawe ni mtu wa serikalini. Magoti ya bibi yamegoma. Namwogesha, namgeuza, namvisha, nampa dawa kwa saa, namshika tukienda chooni. Mimi namwita Bi Mkubwa, yeye ananiita mwanangu, na akikasirika ananiita jina langu kamili na la baba yangu.

Ijumaa ni siku yangu. Sisi wadada wa majumbani na wa saluni tulikuwa na timu, Watanzania, Wakenya, Waganda na Mfilipino mmoja kipa. Tunakodi kiwanja cha nyasi bandia saa kumi jioni, tunapigana viatu, tunarudi kazini tunachechemea.

Kwenye timu hiyo alikuwemo Jesca, mtoto wa Moshi, rafiki yangu wa damu. Anafanya kazi mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kwa mzee aliyepooza upande mmoja. Jesca ni beki. Nampenda sana Jesca, kwa hiyo kuhusu ubeki wake niishie hapo.

Siku moja akaja mama wa Kiaustralia kututazama. Dada yake anaishi Madinat Sultan Qaboos, yeye alikuja likizo. Anaitwa Robyn, ni kocha wa timu ya wanawake kwenye mji mdogo huko kwao. Akatazama mechi mbili, akatuambia Ijumaa ijayo atafanya trial. Anatafuta mchezaji mmoja, na klabu itashughulikia visa.

Wakuu, sikulala wiki nzima. Nilijua umri wangu, nilijua miguu yangu. Ile ilikuwa nafasi ya mwisho ya kuitwa mchezaji.

Nikaanza research. Bahati nzuri mechi zao za jioni huku zinaangukia saa sita, saa saba mchana, Bi Shemsa akishaswali adhuhuri. Nikawa naweka simu kwenye mto, tunatazama wote.

Bi Shemsa mpira anaujua. Mechi ya kwanza tu akauliza, "Mbona uwanja mtupu hivi? Kama maziko ya bakhili."

Nikamwambia, Bi Mkubwa, kule mpira mkubwa ni ule wa yai, wa kushika kwa mikono. Huu wetu ni mtoto wa tatu, anavaa nguo walizoacha kaka zake. Hata viwanja wanaazima.

"Na huyu wa mwisho, anashuka daraja?"

"Hashuki Bi Mkubwa. Ligi yao kuu imefungwa, unaingia kwa leseni. Ukiwa wa mwisho unabaki, mwaka kesho unakuwa wa mwisho tena."

Akanitazama. "Haa! Basi hawa wanakhofu nini?"

Nawaambia, sijasikia mchambuzi yeyote aliyelieleza soka la Australia vizuri kuliko hapo. Kuna klabu za zamani kule, zilianzishwa na wahamiaji wa Kigiriki, wa Kikroatia, wa Kiitaliano, zina mashabiki wa kurithishana, zimekaa nje ya mlango miaka na miaka. Walioko ndani hawana cha kuogopa, walioko nje hawana cha kutumaini. Watoto wanacheza wengi mno, wakikua wanatawanyika. Walipoandaa Kombe la Dunia la wanawake nchi nzima ilichizika, viwanja vikafurika. Ligi iliporudi, watu wakarudi makwao.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu, nikayapuuza. Mtu akitaka kitu, macho yanakuwa pambo tu.

Nikaandika CV. "Professional footballer, Muscat." Ile timu yetu ya kupigana viatu nikaipandisha cheo ikawa klabu, nikaiita Malkia wa Hail. Klabu lazima iwe na mwenyekiti wa kunitolea reference. Nikamwendea Bi Shemsa.

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Ukipata, unakwenda moja kwa moja?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Lete hiyo karatasi, uandike namba yangu. Nifundishe la kusema."

Ijumaa ya trial nilicheza mpira ambao sijawahi kuurudia. Mabao matatu, moja la kichwa, na kimo changu mnakijua wale tuliokutana. Jesca alichelewa nusu saa, akaanguka mara mbili, mara moja peke yake bila kuguswa.

Baadaye Robyn akatuita wanne kwenye baraza la dada yake, juisi mezani, mmoja mmoja anajieleza wenzake wakisikia.

Swali la kwanza kwa kila mtu lilikuwa, mbali na mpira unafanya kazi gani?

Nikacheka moyoni. Mtego ule naujua tangu stendi! Nikajibu kwa Kiingereza nilichokariri, kwamba mimi sifanyi kitu kingine chochote, mpira ndiyo maisha yangu, full-time. Robyn akatikisa kichwa taratibu, akaandika neno moja.

Ikafika zamu ya Jesca. Mpumbavu wa watu akaanza kuomba radhi kwa kuchelewa. Mzee alikuwa hajala, akamlisha kwanza, akambadilisha nguo, akamgeuza asipate vidonda.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Akaendelea! Anaulizwa anamnyanyuaje mzee mzito vile, anasimama kabisa anaonyesha kwa mikono. Robyn anaandika, anafungua ukurasa mwingine, anaandika. Nikamwonea huruma rafiki yangu. Nikajisemea huyu kwisha habari yake.

Jumatatu asubuhi simu ya Bi Shemsa ikaita. Namba ya Robyn.

Nikaweka loudspeaker. Bi Shemsa amekaa kitandani, mimi nimekaa chini, mguu wake uko mapajani mwangu nampaka mafuta ya karafuu kwenye goti. Kiingereza chake ni cha skuli ya Unguja ya zamani, kimenyooka kuliko cha Robyn mwenyewe.

Akasema yeye ni mwenyekiti, ananijua miaka mitatu, nina nidhamu. Robyn akamuuliza kama nina ujuzi wowote mwingine, labda nimewahi kuhudumia wagonjwa au wazee?

Bi Shemsa akanitazama mimi na mikono yangu yenye mafuta.

"Never," akasema. "Msichana huyu hajapata kunyanyua hata kijiko. Ni mpira tu, asubuhi mpira, jioni mpira."

Nilitamani kumbusu. Simu ilipokatika akasema, "Nimesema urongo, na udhu nnao." Kisha akauliza, "Lakini nimesema vizuri?"

"Vizuri mno Bi Mkubwa."

"Alhamdulillah. Sasa tutafute mtu wa kunikogesha, usije ukaniacha ghafla."

Siku ya nne jina likatoka. Jesca.

Mnakumbuka nimesema ni rafiki yangu wa damu? Siku ile damu iliganda kidogo. Nikapanda teksi mpaka Madinat Sultan Qaboos, nikamkuta Robyn anafunga mabegi. Nikamuuliza nimekosea wapi, mabao yangu hayakuhesabika?

Mama wa watu alikuwa mstaarabu, akanikalisha. Akasema mimi ndiye mchezaji bora aliyemwona safari ile. Lakini timu yao haimlipi mtu mpira peke yake, haina uwezo. Wasichana wote wana kazi, kuna mwalimu, kuna fundi umeme, kipa ni nesi. Mdhamini wao ana nyumba ya kutunzia wazee, na visa inatoka kule. Kwa hiyo alikuwa anatafuta mtu mwenye uzoefu wa kulea wazee, ambaye pia anaweza kucheza. Akasema alimpigia mpaka mwenyekiti wangu akitumaini atasikia chochote, hata kidogo.

Halafu akanishika bega. "Kwa kweli wewe ni professional mno kwetu. Hatuwezi kumudu mtu kama wewe."

Wakuu, nilirudi Al Hail nikamwogesha bibi, nikamgeuza, nikampa dawa. Nilifanya yote hayo nikilia, na yeye akadhani nalia kwa sababu ya mpira tu. Akaniuliza, "Mimi sikuharibu?" Nikamwambia hapana, wamepata mwenye mbio zaidi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu kingine.

Jesca akaondoka. Tukawa tunatazama mechi zake mtandaoni, kamera moja, nyuma ya goli watu wachache wamekaa kwenye viti vya kukunja. Kila Jesca akipitwa, Bi Shemsa anapiga paja. "Wewe unacheza kuliko huyu! Hawajui mpira hawa." Mimi nasema ndiyo Bi Mkubwa, natazama pembeni.

Msimu mmoja tu. Kisha klabu ikatoa tangazo refu la maneno mazuri kwamba timu ya wanawake "inapumzishwa" huku viongozi wakitazama upya mipango ya baadaye. Kiwanja wakapewa wale wa mpira wa yai.

Ndiyo future hiyo, mwulizaji, kama ulikuwa unasubiri jibu. Sisemi soka lao litakufa. Nasema lina wachezaji wa kila kazi isipokuwa ya mpira.

Jesca hakurudi. Nyumba ya wazee ilimpenda, ikamwongezea mkataba. Beki amestaafu, anageuza wazee Australia. Na wiki iliyopita amenitumia voice note: wanahitaji mtu mwingine, amenitaja, fomu hii hapa. Wanataka reference kutoka kwa mtu niliyemhudumia.

Mtu niliyemhudumia ni mmoja. Na ndiye yule yule mwenyekiti wa Malkia wa Hail.

Ikabidi nimwambie Bi Shemsa kila kitu. Swali la Robyn lilikuwa na maana gani, jibu letu lilifanya nini.

Akasema, "Kumbe mimi ndiye niliyekukosesha."

"Hapana Bi Mkubwa. Mimi ndiye niliyekufundisha la kusema."

"Nimekunyima riziki yako kwa ulimi wangu, mwanangu. Wallahi nilitaka upate." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Akanyoosha mkono. "Lete simu. Leo ntasema kweli, ntasema yote."

Nikafungua fomu. Kabla sijampa, akauliza, "Na huko utacheza wapi?"

"Sitacheza. Timu imekwisha. Ni kazi ya wazee tu."

Akarudisha mkono wake polepole, akauweka juu ya goti.

"Basi simu iweke. Kwa mpira nilikuwa radhi kukuachia, japo nilikuwa naungua. Lakini uniache mie wende ukamkogeshe bibi mwengine? Hapana. Kwa hilo nna wivu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu kicheko kikageuka. Niliondoka kwetu nikiamini kazi isiyo mpira inanipunguzia heshima, hii ya kuhudumia wazee nikaificha kama kitu cha wizi. Kumbe nchi mbili zinaigombania.

Fomu ipo kwenye simu, sijaijaza na sijaifuta. Mshahara wa kule ni mzuri, sitawadanganya. Lakini kila nikitaka kuijaza namwona bibi na ule mkono wake juu ya goti, nafunga simu.

Nilichojifunza: ukiulizwa unafanya kazi gani, itaje kazi yako. Usimfundishe uongo mtu anayekupenda, maana atausema kwa moyo wote na hautaweza kurekebishwa.

Haya, uwanja ni wenu. Mngekuwa mimi mngejaza ile fomu au mngeiacha? Nishaurini, matusi pia nitayasoma. Ila asitokee mtu wa kuniambia "si ungesema ukweli tu tangu mwanzo." Huyo nitambloku.