Dawa ya kuficha harufu ya mtu

Leo nimeng'atwa na mbwa wangu mwenyewe, hapa hapa kijijini kwetu Kimali. Chekeni tu.

Kisa ni ile dawa ya wawindaji niliyoagiza mtandaoni. Eti ukijipulizia, harufu ya mtu inaisha, mnyama hakushtukii.

Asubuhi nikajipulizia mpaka soksi, nikaenda kusaka sungura.

Sungura wakatimka nikiwa bado mbali kabisa.

Narudi mikono mitupu, mbwa niliyemlea mwenyewe akanidaka kigimbi!

Mama akatoka na fimbo: “We nani?”

“Ni mimi mwanao, mayu!”

Akaninusa, akakunja uso. “Nenda kajipake majivu ya zizini, unuke kama mtu wa hapa.”

Nikajipaka. Mbwa akatikisa mkia.

Chupa bado ina nusu. Anayetaka kusahauliwa kwao aje achukue bure.