Mita Iliyosema Saba

Shemeji yangu aliibuka kutoka majini macho yake yakiwa wazi, meupe kama yai lililochemshwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Shemeji, mbona giza?" Ilikuwa saa nne asubuhi, na jua la Songea lilikuwa limejaa mlangoni.

Muda mfupi kabla ya hapo tulikuwa tunacheka. Shimo lile la saruji lilikuwa la kiwanda kidogo cha ngozi, nyuma ya mtaa wa Msamala. Ngozi hulazwa humo kwenye chokaa kali mpaka manyoya yang'oke, halafu husuuzwa maji baada ya maji. Mtu haingii kuzitoa mpaka mita ya pH iseme chokaa imekwisha. Ikisema kumi na mbili, maji yanachuna mtu kama yalivyochuna ng'ombe. Ikisema saba, ni maji tu. Kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Mzee wa maabara ndiye aliyenifundisha kuitunza. Kile kijiti cha mita kinachochovywa majini kina kichwa cha kioo chembamba, kidogo kama punje ya njegere. Ukimaliza kupima unakisuuza kwa maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, unakigusisha pamba bila kukisugua, unakivisha kofia yenye maji yake ya chumvi. "Kikikauka kimekufa," alisema, "na kikifa hakikwambii."

Kiwanda kikauzwa, mzee akapunguzwa kazini. Akaja meneja mpya kutoka mkoa mwingine, mtu wa usafi kupita kiasi. Alikuta chumvi imeganda nyeupe pembeni ya kofia.

"Uchafu gani huu?" Akamwaga yale maji, akafuta kijiti kwa leso mpaka kikang'aa, akakilaza kwenye kabati la vioo ofisini, juu ya kitambaa cha kufuma, kama glasi za wageni. Majumbani mwetu kitu cha thamani ndivyo kinavyotunzwa, kwa hiyo wenzangu walisifu.

Nikasema, "Bosi, mzee alikataza kisikauke."

"Wewe umeishia darasa la ngapi?"

"La nne."

"Basi kasuuze ngozi, profesa."

Karani wake akacheka mpaka akashika meza. Nikaenda kusuuza ngozi.

Asubuhi ile meneja alipima mwenyewe. "Saba! Ingieni." Tulikuwa tumebadilisha maji mara moja tu, enzi za mzee ilikuwa mara tatu. Nikasita.

"Mngoni gani anaogopa maji?" shemeji akanitania. Akaingia hadi kiunoni, mimi nyuma yake hadi magotini. "Leo yanateleza kama mlenda!" Hayakuuma hata kidogo. Kumbe ulikuwa utelezi wa ngozi yetu wenyewe, inageuka sabuni. Akateleza, akazama kichwa.

Walipombeba kwenye pikapu nilibaki peke yangu na ile mita. Nikaichovya shimoni: saba. Nikakamua ndimu kikombeni: saba. Maji ya bomba: saba. Kama mtu anayekata roho, na kila ukimwamkia anaitika sijambo. Nikakinyanyua kijiti hewani, hakigusi kitu. Saba. Kioo cha mita kilikuwa kinanitazama. Hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kuuma, na kwa kweli haijaacha.

Shemeji alikufa siku ya tatu. Dada yangu, mkewe, alipofuata haki yake kiwandani alionyeshwa karatasi: mfanyakazi aliyekabidhiwa mita alisoma vibaya. Mfanyakazi huyo ni mimi. Aliyeandika ni karani, aliyetia sahihi ni meneja. Dada aliisoma mara mbili, akaikunja, na tangu siku hiyo hanipi mkono.

Karani nampa sehemu yake ya lawama: aliandika alichoambiwa. Lakini wewe meneja umejenga nyumba mtaa wa Bombambili, unanipita nikiwa na baiskeli yangu, unapunga mkono. Sitaki pole yako. Njoo kwa dada yangu mchana, watu wakuone, useme kwa kinywa chako nani alikifuta kile kijiti, nani aliyesema tuingie. Na uje na karatasi nyingine yenye sahihi yako. Lini unakuja?