Anwani ya Tajiri wa Pili

Pale Tunduma nilikuwa wakala wa forodha wa matajiri wawili wa malori, mahasimu wakubwa, na kila mmoja aliamini namhudumia yeye peke yake. Kila mmoja alinifungulia anwani ya barua pepe kwenye kampuni yake, niitumie kumwandikia. Kwa kuwa mtandao wetu ulikuwa wa kusuasua, zote mbili nilizitumia kwenye programu moja ya maandishi matupu. Kuhama anwani ilikuwa kubonyeza herufi moja tu.

Asubuhi moja nikamwandikia wa kwanza: "Shikamoo tajiri, lori lako limevuka." Nikatuma. Ndipo nikaona juu ya skrini kwamba barua imetoka kwenye anwani niliyopewa na hasimu wake. Nikabonyeza kila kitufe, nikaitukana kompyuta, barua haikurudi.

Jibu la tajiri wa kwanza likaja: "Marahaba. Msalimie tajiri wako."