Giza la Saa Nne Asubuhi

Sauti yangu iliwahi kwenda shule bila mimi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la pili, nikatolewa nikawalee wadogo zangu, kwa hiyo sauti yangu imesoma kunizidi. Sijisifu. Nasema ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka 2014, kijijini kwetu upande wa Kasulu, ambako asubuhi ukungu hulala juu ya migomba mpaka usijue mlima uko wapi na mbingu iko wapi. Binti yangu alikuwa amekwenda Kibondo kupika kwenye mgahawa, akaniachia mwanawe wa kike aliyeanza darasa la kwanza. Nyumbani mtoto huyo aliongea Kiha kutwa nzima hadi nimwambie apumzishe mdomo. Akivuka barabara kwenda shule, ulimi ulibaki ng'ambo hii. Mwalimu akiita majina, wenzake hujibu "nipo". Yeye alitazama tu.

Mwalimu wake alikuwa msichana kutoka Tanga, serikali ilimpangia kwetu, naye akapanga chumba kwangu. Kiha hakukijua hata cha kuombea maji. Siku ya kwanza nilimwamkia "mwakeye" huku nikipiga makofi polepole, kama desturi yetu ilivyo. Akadhani namshangilia, naye akapiga makofi kwa nguvu na kuzungukazunguka uani kama yuko harusini. Nilimsamehe. Alikuwa amesafiri siku mbili.

Jioni moja, jua limeshazama na moto wangu unaanza kushika, aliingia jikoni na kompyuta yake ya kukunja.

"Bibi, Kiswahili changu watoto hawakielewi. Nasoma, wananitazama kama wanatazama mvua."

"Sasa mimi nifanyeje?"

"Nipe hadithi. Simulia kwa Kiha, kisha irudie kwa Kiswahili. Nitairekodi niwachezee darasani."

"Sauti yangu si ya kuchezea."

"Sichezei, bibi. Nataka waisikie."

Nikasimulia ile ya mwanamke aliyevuka mto Malagarasi na kaa la moto ndani ya chungu, akiwapelekea watoto wake ng'ambo waliokuwa na baridi. Kwetu msimuliaji hufika mahali akasimama, akauliza kama mpo, na wasikilizaji hujibu kwamba wapo. Wasipojibu hadithi haiendelei. Nikauliza, nikangoja. Mwalimu hakujua ajibu nini. Mjukuu wangu alikuwa kwa jirani. Moto ukalia kidogo, basi. Nikaendelea. Mara tatu nikauliza, mara tatu pakawa kimya.

Alipobonyeza, nikasikia kikongwe fulani anaongea jikoni mwangu.

"Huyo nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Mimi sina sauti ya mbuzi mwenye kiu."

Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema pale penye kimya atapafuta, watoto wasichoke. Nikamwambia aache. Kile kimya si uchafu wa kufagia.

Siku zilizofuata nilipalilia maharage yangu nikijiona mwepesi kooni, kama chungu kilichomwagwa maji. Nilikuwa nikisimama katikati ya tuta na kujiuliza niko wapi saa hizi, huku au kule.

Mwishoni mwa wiki mwalimu mkuu akaniita ofisini. Mwalimu wa Tanga alikuwepo, hanitazami usoni.

"Mama," akasema mwalimu mkuu, "masikio ya huyu mjukuu wako si mazima. Jina lake haitikii. Na tukiwasha spika anaziba masikio, analia. Itabidi apelekwe Kasulu hospitali akapimwe. Na darasa la pili hataingia, mwakani arudie la kwanza."

Mtoto si wangu, nimeachiwa. Mama yake angerudi Desemba akute nimemrudishia mtoto mwenye jina la kiziwi. Na kijijini kwetu jina likishakukaa, hulivui.

"Hiyo spika mliiwasha saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nne, watoto wakitoka mapumziko."

"Saa nne asubuhi? Jua linawaka?"

"Bibi, shule ni mchana," mwalimu wa Tanga akasema taratibu.

Ndipo nikaelewa. Mimi ndiye niliyemwambia mtoto yule, kwa ukali, aliponisumbua nimsimulie hadithi huku tunachambua maharage: hadithi ya mchana humpoteza njia aliye safarini. Niliambiwa hivyo na mama yangu, naye na mama yake. Na aliye safarini kwetu alikuwa mmoja tu. Mtoto aliposikia sauti ya bibi yake mwenyewe inasimulia juani, aliziba masikio ili mama yake asipotee njia.

Nikawaeleza. Mwalimu mkuu, ambaye ni Muha wa hapahapa, akaangalia kucha zake.

"Hata mimi marehemu mama alinikataza," akasema.

"Na hukumwambia mwenzako?"

"Mimi ni mwalimu mkuu, mama. Ningeanzia wapi?"

Mwalimu wa Tanga alikuwa ameshika mdomo. "Nilidhani hawasikii. Kila alivyolia nikaongeza sauti."

"Ulimwongezea kilio."

"Na picha pia zilikataa, bibi. Nilitaka maneno ya hadithi yaonekane ukutani kwa projekta. Yalitokea kama moshi. Darasa lina mwanga mno."

Tukatazamana. Nadhani wote wawili tulifika mahali pamoja, yeye kwa njia yake, mimi kwa yangu. Mashine yake ilitaka giza, na hadithi yangu vilevile. Kama wazee walikusudia saa au walikusudia jua, sikuwa na wa kumuuliza, wameshakufa. Nikaamua mwenyewe.

Kesho yake nilibeba mikeka yangu miwili, vitenge na magunia ya maharage. Madirisha ya darasa lile hayakuwa na vioo. Tuliyaziba yote, mlango tukauegemezea benchi. Saa nne asubuhi pakawa giza kama la kuingia usiku, na watoto wote wakanyamaza bila kuambiwa. Nikakaa nyuma kwenye dawati, magoti kifuani.

Mashine ikatoa mkono mrefu wa mwanga, na ndani yake vumbi la chaki likawa linaelea polepole, lisilo na haraka ya kutua. Ukutani yakaja maneno: kaa, chungu, mto. Makubwa, meupe, yanatetemeka kidogo kama yako ndani ya maji. Kisha yule kikongwe akaanza kusimulia. Safari hii sikumkataa. Alikuwa anavuka mto, nami nilikuwa nyuma yake, na sikuwa na uhakika nina umri gani.

Akauliza kama wapo. Kikaja kile kimya. Watoto wawili watatu wakajibu, kisha wakachekacheka.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama. Gunia moja lilikuwa na tundu, na tunduni mlikuwa mnaingia mwale mwembamba unaoanguka sakafuni. Akatembea mpaka dirishani, akaweka kiganja juu ya tundu. Vidole vyake vikawa vyekundu, kama ameshika lile kaa lenyewe. Nikataka kumwita arudi akae. Mwalimu akanigusa bega.

Mara ya pili kikongwe akauliza. Darasa zima likajibu, mjukuu wangu hapana. Mara ya tatu akajibu peke yake, kabla ya wenzake, kwa sauti ya nyumbani. Aliijibu mashine. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na hakugeuka kunitazama. Iliniuma, siwezi kudanganya. Halafu ikapita.

Asubuhi iliyofuata alipoitwa jina akasema "nipo". Kidogo, mwalimu aliniambia, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Habari ya hospitali ikaisha. Mwaka ulipofungwa alipandishwa darasa la pili.

"Kila nikiwasha ile mashine sasa," mwalimu aliniambia siku moja tukimenya mihogo, "nauliza kwanza watoto wamefundishwa nini nyumbani."

"Na wakikujibu kwa Kiha?"

"Nakuja kwako."

"Basi jifunze kupiga makofi vizuri."

Mwaka uliofuata akahamishwa, sauti yangu ikaondoka naye ndani ya kompyuta.

Lakini ile Desemba, kabla hajahama, binti yangu alirudi. Basi la Kibondo lilimshusha na ukungu bado umelala, akafika nyumbani saa tatu, nguo zimelowa umande. Mtoto akamshika kanga.

"Mama, ulipotea?"

"Kidogo tu," binti yangu akasema, akitua mzigo. "Pale njia panda nilikata kulia, nikajikuta kwenye mahindi ya watu. Kwa nini?"

Mtoto akafungua kiganja chake, akakiangalia kwa muda.

"Ni kale katundu ka kwenye gunia," akaniambia mimi. "Nilichelewa kukaziba."