Aliyemfanya Babangu "Mzee Posa" Sasa Anamtaka Akamposee

Asalaam aleikum admin na nyote mnaosoma ukurasa huu. Nifiche jina, maana huku Likoni tunajuana hadi kwa leso. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, napika viazi karai na bajia, na naishi na babangu mzee, aliyekuwa kuli bandarini. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuambiwa nipoe. Nikipoa nitamsamehe mtu, na sitaki kumsamehe.

Mambo yalianzia kwenye kikundi cha mtandaoni cha wapenzi wa vipindi vya zamani. Mtu aliuliza nani anakikumbuka kile kipindi cha miaka ya themanini, cha viumbe wa sayari nyingine waliokuja kuivamia dunia. Watu wakamiminika. Mmoja akasema hajaona kipindi kibaya kama kile, chombo chao cha angani kinaning'inia kwa uzi na uzi wenyewe waonekana. Mwingine akasema aliota vibaya wiki nzima kwa kumwogopa kapteni wao, yule aliyepakwa rangi ya kijani ikawa inamchuruzika shingoni akitoka jasho. Nilicheka hadi viazi vikaungua. Na mimi nikaandika: "Kilichonipendeza ni vile walivyokuja kwa adabu, wakaleta posa. Sikumbuki tu kama yule binti wa meya walimpata."

Jamani, nilichekwa! Posa gani? Wale walikuja kuiba maji ya dunia na kuua watu.

Acha niwaeleze. Utotoni mwetu TV mtaani ilikuwa moja, ya kwetu, na kipindi kilikuwa cha Kiingereza. Baba ndiye aliyetutafsiria. Majirani walijaa ukumbini hadi barazani, naye akisimama kando ya TV akitupa kila neno. Kapteni akinyoosha kidole, baba alisema, "Asema, sisi ni watu wema, tumekuja kwa jambo la kheri." Yale masanduku ya chuma waliyoyashusha alituambia ni ya mahari. Siku chombo kilipotua katikati ya mji, kina mama walipiga vigelegele, kumbe mji unateketezwa. Baba hakuwa na Kiingereza hata cha kuombea maji. Nimelijua hilo juzijuzi, mbele ya watu wasiohesabika.

Ningeimeza aibu yangu nikanyamaza. Lakini mtoto wa shangazi yangu yumo kwenye kikundi kile kile. Alichukua kipande cha kipindi, chini akaandika maneno ya kweli kwa Kiswahili, juu akaigiza sauti ya babangu, hadi kikohozi chake. Akataja na mtaa wetu. Watu wakaandika, "Mzee huyo angekuwa mkalimani wa korti, wasio na hatia wangenyongwa." Video ikavuka ikafika huku kwetu. Ikawa baba akienda msikitini, watu wanamwita njiani, "Mzee Posa, leo twamuoza nani?" Mtu ambaye hakukosa swala ya jamaa hata akiwa na homa, siku hizi anaswali nyumbani.

Nikampigia binamu. Akanijibu, "Dada, utani tu. Kwani nimesema uongo?"

Hakusema uongo, na hapo ndipo aliponichoma. Huyu alifiwa na babake akiwa mdogo sana, akalelewa na babangu, tukala sinia moja. Baba ndiye aliyemshika mkono kumpeleka skuli ili asome Kiingereza, akisema asije akawa kama yeye. Kiingereza hicho ndicho anachomchekea nacho.

Nilimuuliza baba kwa nini alitudanganya. Akaniambia, "Mwanangu, nyumba nzima wakinitazama mimi. Kuli wa bandarini, wapi pengine watu wakinyamaza wanisikize? Ningesema sijui?"

Sasa sikieni. Binamu alifiwa na mkewe, anataka kumuoa mwalimu mmoja wa Junda, kule Kisauni. Ni watu wa dini na heshima zao, wamesema posa iletwe na mzee wa ukoo. Kwetu mzee aliyebaki ni mmoja tu. Wiki iliyopita binamu alikuja na halua mkononi, bila haya, akaketi mkekani. "Mjomba, sina mwengine ila wewe." Baba akamjibu, "Inshallah, mwanangu." Mimi nilikuwa na karai la mafuta ya moto, na Mungu ndiye aliyenizuia.

Nimeulizia. Watu wa Junda video wameiona na wamecheka, ila hawajui ni ya nani. Nami mpango wangu ni huu: wazee wakishaanza mazungumzo, nitaiwasha kwa sauti ya juu nyumba nzima isikie. Nitawaambia mzee mliyemcheka ndiye huyu aliyeketi mbele yenu, na aliyewachekesha ndiye mnayetaka kumpa binti. Anayemfanyia hivi mjomba aliyemlea, mkwe atamfanyia nini? Posa itafia hapo hapo. Nimeuwazia uso wake mara nyingi, na kila nikiuwazia nasikia raha. Sitaki kuwaficha.

Lakini jana baada ya Adhuhuri baba aliniita chumbani. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Idi, anajipima. Akasema, "Hebu nisikize. Sisi ni watu wema, tumekuja kwa jambo la kheri..." Akasita. Akaketi kitandani. "Ni yale yale niliyokuwa nikiyasema kwenye TV. Wallahi sina mengine. Watanicheka?"

Nikamwambia hawatakucheka, baba.

Posa ni kesho baada ya Alasiri. Video ninayo kwenye simu. Nikiiwasha, aliyetudhalilisha atakoma, lakini babangu ataisikia akiwa amesimama mbele ya wakwe, na maneno hayo hayo mdomoni. Nisipoiwasha, binamu atatoka pale na mke, na babangu atarudi nyumbani kuwa Mzee Posa. Niiwashe au nisiiwashe? Nishaurini leo, maana kutoka chumbani namsikia anayarudia tena, polepole, asije akakosea.