Mchicha Usio na Lebo

Mama Beno, jirani yangu wa duka hapa Kariakoo, hajawahi kuuziwa feki. Anauza vipodozi kwa jumla, na kopo likimfikia mkononi atavaa miwani, aligeuze, asome kila herufi mpaka mwenye mzigo atokwe jasho. Lisilo na lebo linarudi lilikotoka.

Basi daktari alipomwambia sukari yake imepanda, na isiposhuka ndani ya mwezi ataanza kujichoma sindano, mama wa watu aliingia vitani na silaha aliyoijua. Sindano anaiogopa kweli. Alilia mbele yangu. Tangu hapo kisicho na maandishi hakikupita mdomoni mwake. Mchana alikula biskuti za "bila sukari" na juisi ya boksi "isiyoongezwa sukari". Lebo ilisema kipimo ni biskuti mbili; yeye alimaliza pakiti, maana mtu wa jumla hajui rejareja.

Swaumu, anayetupikia chakula cha mchana miaka yote, alimletea mchicha, dagaa na ugali kidogo.

"Huu una sukari kiasi gani?" Mama Beno akauliza.

"Mchicha, dada? Nimeununua Ilala asubuhi."

"Haujaandikwa. Rudisha."

Kila siku akaleta, kila siku ukarudi. Nilikasirika, nikamwambia Mama Beno mchicha si losheni. Akanijibu kwamba naionea wivu afya yake.

Mwezi ukaisha, akaenda kupima. Alirudi, akaketi juu ya katoni.

"Imepanda zaidi," akaniambia. "Nimemwonyesha daktari maboksi yangu kwa kujidai. Anasema unga wa biskuti nao unageuka sukari tumboni, na juisi ina sukari ya matunda yenyewe. Neno wanga nililiona kwenye lebo, jamani. Nikadhani halinihusu!"

Daktari alikuwa amemwongezea mwezi mmoja tu, wa mwisho kabla ya sindano. Nilitaka kumcheka, nikashindwa.

Swaumu akapita na sinia. Mama Beno akamwita kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Mdogo wangu, mboga imebaki?"

"Ya kwako ipo."

"Ya kwangu?"

"Tangu uliposema unaumwa nakupikia kando, mafuta kidogo, chumvi kidogo. Ukikataa nakula mimi. Huoni nilivyopungua?"

Mama Beno akavua miwani, akafuta machozi, akanyoosha mikono anawishwe.