Mahindi Tuliyoyashusha Mekoni

Nilimwaga mbegu zote juu ya meza yake, juu ya daftari na kikombe cha chai, na fukusi wakaanza kutembea.

Bwana shamba akaruka nyuma. "Wewe mama, una wazimu?"

"Ndizo ulizonipa nikapande."

"Chagua nzima!"

"Nichagulie wewe. Zikifika kumi nitakuomba radhi."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. "Kunywa chai, Bwana Shamba," mmoja akasema, "leo ina nyama."

Mimi sikucheka. Mgongoni nilikuwa na mtoto wa miezi minane, na mvua ya kwanza ilikwishanyesha. Kwetu Makote udongo ni mchanga, maji yanazama upesi. Ukichelewa kupanda, unavuna mabua.

Kabla ya kuhamishiwa kijiji cha Ujamaa, mama mkwe alikuwa akitundika mahindi ya mbegu juu ya meko, yakiwa na maganda yake, tangu mavuno mpaka mvua. Yalikuwa meusi tii kwa moshi, na fukusi hawakuyagusa. Bwana shamba, mgeni mwenye cheti, akatuambia mkutanoni kwamba huo ni uchafu. Mbegu za kijiji zikae pamoja ghalani. Nani alisimama kumtafsiria kwa Kimakonde? Mimi, msomi wa sekondari. Tena nikaongeza la kwangu: tuache ushamba.

Mama mkwe aliyashusha. "Haya, mwanangu. Wewe umesoma, sisi tunanuka moshi."

Gunia nililibeba mwenyewe mpaka ghalani.

Ghala lilipofunguliwa, harufu ilitupiga kama ya mnyama aliyefia ndani. Paa lilikuwa limevuja. Mahindi yamegeuka unga wa vuguvugu, umeshikana kwa utando, funza wananing'inia. Nilitapika pale mlangoni. Bwana shamba akachukua kopo, akaanza kutugawia.

Kwa hiyo nilipotoka mezani kwake nilikwenda Newala, ofisi ya wilaya, kwa miguu, mtoto mgongoni, barua mkononi. Karani aliisoma, akanishauri niandike mbegu "zimepungua ubora". Nikamwambia zimeoza, na barua itabaki hivyo. Akagonga mhuri.

"Kwa Mkuu wa Wilaya. Yah: Mbegu zilizoozea ghalani. Bwana shamba alikusanya mbegu zetu zikiwa nzima, akaturudishia funza. Mimi nilimsaidia kuwashawishi wenzangu, nami nishitakiwe pamoja naye. Tunaomba mbegu nyingine wiki hii, mvua haitusubiri. Tunaomba pia amri kwamba kila nyumba itunze mbegu zake juu ya meko yake."